Boksi Moja, Mna Nini Humu?



Twendeni kwanza stendi ya Nyegezi, upande wa ofisi za mizigo, alfajiri, mabasi ya Dar es Salaam yakinguruma na makondakta wakiita abiria. Mama mmoja ameshuka kwenye bodaboda na boksi lililozungushwa kamba ya manila. Karani anamwuliza, "Mna nini humu, mama?" Mama anajibu, "Mzigo tu, mwanangu." Karani anaandika kwenye risiti: boksi 1. Maka peni inapita juu ya boksi, jina la mpokeaji na namba yake ya simu, kisha boksi linaingia kwenye buti la basi.

Mama hajasema uongo, wala karani hajaandika lisilo la kweli. Ila kuanzia pale, kila atakayelishika boksi lile atakuwa anakisia. Juu yake pawekwe kiroba cha mchele, au pasiwekwe kitu? Likae karibu na injini, au mbali? Kama ni mitumba, vyovyote sawa. Kama ni vifaranga wa siku moja, basi neno lile "mzigo tu" limeshawaua kabla basi halijafika Shinyanga.

Nimewapeleka stendi kwa sababu jioni huwa nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, hapahapa Nyegezi, na kwa wiki kadhaa sasa tumekuwa tukibishana juu ya swali la karani yule. Ukiandika kwenye programu yako kwamba kitu fulani ni orodha, usiseme ni orodha ya nini, mkaguzi anaelewaje?

Niseme kwanza mkaguzi ni nani. Hapa redioni, habari haisomwi hewani mpaka mhariri aipitie. Anaisoma ikiwa bado karatasi, anakuta jina la mkoa mahali palipotakiwa jina la mtu, anairudisha. Waandika programu nao wana mhariri wa namna hiyo, naye ni programu: anasoma msimbo ulioandika kabla haujaendeshwa, anatazama kama kila kitu kimetumiwa kulingana na aina yake. Kwa lugha ya Python wanaojulikana sana ni wawili, mypy na Pyright. Mypy ilianzishwa na Jukka Lehtosalo, Mfini aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Cambridge. Baadaye Guido van Rossum, muasisi wa Python mwenyewe, akaandika pamoja naye na Łukasz Langa waraka uitwao PEP 484, na Python 3.5 ilipotoka Septemba 2015 ikawa na utaratibu rasmi wa kutaja aina. Pyright ilikuja baadaye kutoka Microsoft. Anayetumia kihariri cha VS Code pamoja na nyongeza ya Pylance anaitumia Pyright, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Sasa tazameni jinsi Kiswahili kinavyotufaa hapa. Mtoto wa miaka mitatu akisema "kikapu amejaa", bibi yake anamsahihisha palepale: "Sema kimejaa." Bibi hakuinuka kwenda kukichungulia kikapu. Amelisikia neno la kwanza na la pili, akajua hayapatani. Kazi ya mkaguzi ni hiyohiyo, kusahihisha bila kwenda kuchungulia.

Halafu tuna ile -a ya kuunganisha: kikapu cha maembe, ndoo ya dagaa, orodha ya majina. Katika Python ile -a inaandikwa kwa mabano ya mraba. Unaandika list, yaani orodha, unafungua bano, unataja aina ya vilivyomo, unafunga. Nikisoma msimbo kwa sauti darasani, bano la mraba la namna hiyo nalisoma "ya": orodha ya maandishi, orodha ya namba zenye desimali. Aina kama hizi, zenye nafasi inayosubiri kujazwa, ndizo zinazoitwa jeneriki. Na kijana akiandika list peke yake, akaacha mabano, ameandika "orodha" akanyamaza pale ambapo "ya" ingefuata. Ni boksi 1 kwenye risiti.

Niwasimulie lililotupata. Tulikuwa tumeandika programu ndogo kwa ajili ya kikundi kimoja cha wavuvi. Kila sangara akipimwa mwaloni, uzito wake unaandikwa kwenye faili. Jioni programu inasoma faili, inatoa ripoti: samaki wangapi, mkubwa wa siku kilo ngapi, mdogo wa siku kilo ngapi. Asubuhi tuliyoikabidhi tuliipitisha kwa mkaguzi, naye akasema hana tatizo lolote. Tukaondoka tumeridhika.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa kikundi akanishika mkono. "Mwalimu," akaniambia, "mimi jana nimeleta sangara wa kilo 35, watu wote wamemwona. Karatasi yenu inasema mkubwa wa jana ana kilo 9. Wangu mmempeleka wapi?"

Nilifungua faili nikiwa nimesimama naye. Kilo 35 ilikuwemo. Kilo 9 nayo ilikuwemo, na kilo 12. Ila kila kinachosomwa kutoka kwenye faili ya namna ile huja kama maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, kama maneno kwenye kamusi. Kompyuta inatazama 9, inatazama 3 ya mwanzo wa 35, inaona 9 huja baada ya 3, mchezo umekwisha. Hata ingekuwa kilo 80, 9 ingeshinda. Programu haikukwama wala haikutoa onyo. Ilitoa jibu safi, lililopangwa vizuri kwenye karatasi, na lilikuwa si la kweli.

Kwa nini mkaguzi hakuona? Kwa sababu sehemu ile inayotafuta samaki mkubwa tuliiandika hivi: pokea uzito, ambao ni orodha. Basi. Hatukusema orodha ya nini. Tungesema orodha ya namba zenye desimali, mkaguzi angeona tunamletea orodha ya maandishi, angetusimamisha siku ileile ya kwanza.

Hapa ndipo vijana wangu walipouliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. "Mwalimu, tulipoacha wazi, yeye alijaza nini pale?" Maana lazima alijaza kitu, la sivyo asingeweza kuendelea kusoma.

Naomba tukae hapa kidogo, msikilizaji, hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Chukua kreti la samaki. Nikikwambia "kreti la chochote", unaweza kunielewa kwa namna tatu, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza: hili ni kreti la mchanganyiko. Tia sangara, tia sato, tia furu, ruksa. Lakini ukitia mkono kuchukua, usitegemee kupata sangara. Umepata samaki, basi, mtazame kwanza. Katika Python neno la namna hii ni object. Kutia ni huru, kutoa kuna masharti.

Ya pili: kreti hili lina aina moja tu ya samaki, mwenyewe anaijua, mimi siijui. Kwa hiyo siwezi kukuhakikishia utakachotoa, na pia sina haki ya kukuruhusu utie kitu. Huenda ni kreti la mzee la sangara linalokwenda kiwandani. Ukitia ndoo ya dagaa mle, umemharibia. Huku ndiko kutojua kwa kweli. Mtu asiyejua kwa kweli hufungia mikono yote miwili, wa kutia na wa kutoa.

Ya tatu: tia utakacho, toa utakacho, na ukitoa sema ni sangara, ni sato, ni baiskeli, mimi sitakuuliza. Hili ni neno Any.

Wakaguzi wa Python walichagua ya tatu. Ule waraka wa PEP 484 unasema wazi kwamba aina jeneriki ikiachwa bila kujazwa, kila nafasi ichukuliwe kuwa Any. Kwa hiyo ile orodha yetu ya uzito haikusomwa kama orodha iliyo na vitu visivyojulikana. Ilisomwa kama ombi letu kwa mkaguzi, kwamba hapa asituulize. Naye akatutii. Aliposema hana tatizo, alisema kweli kwa upande wake, kwa sababu tulikuwa tumemwondoa mlangoni sisi wenyewe.

Watu huuliza kwa nini wasingechagua ya kwanza, ile ya mchanganyiko, inayoonekana salama. Rudini kwenye kreti la mzee. Mzee ana kreti la sangara. Sangara ni samaki, hakuna abishaye. Je, kreti la sangara ni kreti la samaki? Ukijibu ndiyo, basi nampa kijana wangu kreti la mzee nikimwambia "hili ni kreti la samaki", naye kwa nia njema kabisa anatia furu mle, kwa sababu furu naye ni samaki. Mzee akifungua kreti lake kesho anakuta furu. Ndiyo maana mkaguzi makini hukataa: sangara ni samaki, lakini kreti la sangara, maadamu watu bado wanaweza kutia vitu ndani yake, halihesabiwi kuwa kreti la samaki. Kwa sababu hiyohiyo orodha ya namba kamili haipokelewi mahali palipoandikwa orodha ya namba zenye desimali, jambo linalowakasirisha vijana kila muhula. Basi kama orodha isiyotajwa ingesomwa kuwa ya object, kila orodha halisi, ya majina, ya namba, ya tarehe, ingekataliwa mlangoni. Msimbo wote wa zamani ungegeuka mwekundu siku moja.

Na msimbo wa zamani ndio uliokuwa kwenye fikra zao. Mwaka 2006 Jeremy Siek na Walid Taha walichapisha kazi iliyoeleza jinsi lugha inavyoweza kupokea aina kidogokidogo: sehemu hii imetajwa, ile bado, na zote zikae pamoja bila kugombana. Any ndiyo mlango kati ya sehemu hizo mbili. Kampuni ya Dropbox, ambako Lehtosalo na van Rossum walifanya kazi, ilikuwa na mamilioni ya mistari ya Python iliyoandikwa kabla mtu hajawaza kutaja aina. Kufikia 2019 walikuwa wameshapitisha mistari milioni 4 kwa mkaguzi, na wasingefika huko kama mkaguzi angedai kila kitu kitajwe siku ya kwanza. Naiheshimu hoja hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoanza upya, tusio na hata mstari mmoja wa zamani wa kuulinda, lakini tunaandika kana kwamba tunao.

Wenzetu wa Java walipita njia hii mapema. Java 5, iliyotoka Septemba 2004, ndiyo iliyoleta jeneriki, na kwa ajili ya msimbo wa zamani ikaruhusu orodha iandikwe tupu bila aina. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kazi ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, uliowaunganisha watu wa Indiana na wa Eldoret nchini Kenya, na Februari 2006 ukaanza kutumika kule Eldoret. Fikirieni uzito wa orodha katika mfumo wa namna ile: orodha ya wagonjwa, orodha ya vipimo, orodha ya dawa. Java ina tabia yake kwenye orodha isiyotajwa aina. Wakati wa kutia inakuachia, inanung'unika tu kwa onyo. Wakati wa kutoa inakupa kitu kisicho na jina na kukulazimisha utamke kwa maandishi kwamba hiki ni mgonjwa, au hiki ni kipimo. Ukitamka visivyo, programu inaanguka papo hapo ikiwa kazini. Kuanguka ni kubaya, lakini kunaonekana. Any ya Python haikulazimishi kutamka lolote, ndiyo maana kilo 9 yetu ilifika mpaka kwenye karatasi ya mzee.

Tukirudi kwa wakaguzi wetu wawili, hawafanani katika kila jambo. Pyright naye hujaza ile nafasi kwa kitu cha jamii ya Any, ila amekipa jina lake, Unknown, yaani isiyojulikana. Kinapita kila mahali kama Any, lakini anakikumbuka kilikotoka, na ukimwambia awe mkali anakuonyesha kila mahali kilipofikia. Naupenda sana uamuzi huo. Kuna Any ambayo mtu ameiandika kwa mkono wake akijua anachofanya, na kuna iliyoingia kwa sababu mtu hakusema kitu. Haistahili zote mbili ziitwe kwa jina moja.

Wanatofautiana pia kwenye orodha inayozaliwa tupu kabisa, mabano mawili hayana kitu katikati. Mypy husubiri. Hachukui uamuzi hadi aone chombo kinatiwa nini kwa mara ya kwanza. Ukitia maandishi, anaandika daftarini kwake kwamba hii ni orodha ya maandishi, na kuanzia hapo anakushika nayo. Asipoona chochote kikitiwa pale karibu, anakudai utaje aina. Pyright hasubiri, anaandika isiyojulikana na kusonga mbele. Lakini wote wawili wana adabu moja nzuri: ukiwa umeshataja upande wa anayepokea, kwamba jina hili ni la orodha ya namba, basi hata ukiliwekea mabano matupu watajaza wenyewe kwa kumtazama mpokeaji. Karani mzuri wa pale stendi hufanya hivyohivyo. Boksi halisemi kitu, lakini mpokeaji ni duka la vioo, basi analiweka juu.

Kuna jaribio ambalo vijana hulipenda, la kuiuliza programu ikiwa inaendeshwa: hiki ni orodha? Itajibu ndiyo au hapana. Ukiiuliza, hiki ni orodha ya namba? Python inakataa swali lenyewe kwa kosa, kwa sababu orodha ikiwa kazini haibebi kibandiko cha vilivyomo. Kibandiko kipo kwenye maandishi yako tu, mbele ya macho ya mkaguzi. Usipokiandika pale, hakuna mahali pengine kitakapopatikana, isipokuwa kwa kufungua boksi na kutoa kimoja kimoja.

Tangu Python 3.13, ya Oktoba 2024, mtengenezaji wa aina jeneriki anaweza kuweka chaguo la msingi: mtumiaji akinyamaza, nafasi ijazwe aina fulani badala ya Any. Kwa aina chache inafaa sana. Kwa orodha haisaidii, maana hakuna aina moja unayoweza kudhani kwamba watu wote wa dunia huitia kwenye orodha zao.

Basi jioni ile, baada ya mzee kuondoka, tulirudi darasani tukawasha ule ukali. Kwenye mypy ni swichi moja inayokataza jeneriki zisizojazwa. Skrini ikatuonyesha kila orodha tuliyoiacha bila "ya". Tukazijaza moja moja, kwa mkono, tukiulizana kwa sauti: hii ya nini? Na hii? Tulipomaliza, mkaguzi akarudi kazini, akasimamisha pale tulipopajua, kwenye samaki mkubwa wa siku.

Akasimamisha na pengine, kwenye samaki mdogo wa siku. Kosa lilelile, kwa upande wa pili: kwa mpangilio wa herufi, 10 huja kabla ya 2. Tukazitoa karatasi za nyuma tukazitandaza mezani. Siku ambazo mwaloni walipimwa sangara wa kilo 2 na kilo 3, samaki wachanga ambao ndio sababu ya mtu kutaka kuijua namba hiyo, ripoti yetu ilikuwa imeandika kwamba mdogo wa siku ana kilo 10. Mzee alikuja kuulizia sangara wake wa kilo 35. Kwa yule wa kilo 2 hakuja mtu.